DIRISHA LA SERIKALI SI MIMBARI

Wako watu wanaodai kwamba mtumishi wa umma akishasema "dini yangu hainiruhusu", basi shauri limekwisha, na raia aliye mbele yake arudi alikotoka. Wako wengine wanaodai kwamba mwenye dini afikapo kazini aivue imani yake mlangoni kama viatu. Sisi twasema wazi: wote wawili wamepotea.

Tutazame kisa cha Uingereza. Mwaka 2018 daktari mmoja Mkristo, David Mackereth, alichukuliwa kuwapima watu wanaoomba posho ya serikali kwa sababu ya ugonjwa na ulemavu. Akiwa bado katika mafunzo, alisema kwamba mtu aliyezaliwa mwanamume hatamwita mwanamke, wala aliyezaliwa mwanamke hatamwita mwanamume, hata mwenyewe akiomba. Aliitegemea imani yake katika Kitabu cha Mwanzo. Kazi ikaishia hapo, naye akashitaki.

Mwaka 2019 baraza la kazi liliyatupa madai yake, likasema imani hiyo haipatani na utu wa binadamu. Hapo twapinga! Ni nani aliyempa hakimu mizani ya kupimia imani za watu? Leo atapima ya daktari, kesho ya shehe, kesho kutwa ya kwetu sote. Mwaka 2022 mahakama ya rufani ya kazi ililisahihisha kosa hilo: imani yake yalindwa na sheria. Lakini rufani ilikataliwa, kwa maana waajiri hawakumwonea kwa kutaka kila mwombaji apokewe kwa heshima.

Na hapo twakubali. Je, ni nani anayekaa mbele ya meza ile? Ni mgonjwa anayeomba posho ya kula. Daktari hakumchagua yeye. Akianza kwa kutahayarishwa, akainuka akaenda zake, atakayelala na njaa si daktari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya Waingereza na lugha yao. Kweli, "yeye" yetu haibagui mume wala mke. Lakini "bwana" na "bibi" tunazo, tena huitwa kwa sauti mbele ya foleni nzima.

Basi mtumishi mwenye dhamira na aseme mapema, kabla raia hajafika dirishani. Mkubwa wake naye atafute njia kwa moyo safi: mwenzake ashike zamu, au mtu aitwe kwa jina lake tu, bila "bwana" wala "bibi". Njia isipopatikana kabisa, anayepisha ni mwenye mshahara, si mwenye shida. Mshahara ule watoka katika kodi ya wote, hata ya yule anayekataliwa.

Anayetaka kuhubiri, misikiti na makanisa yako wazi. Dirishani tunataka huduma.