Nani Kasema Mbuga Haina Mwenyewe?

Bonde letu la Kilombero lina sura mbili kwa mwaka. Mwezi wa Aprili mtu akisimama ukingoni mwa mbuga, upande wa Ifakara, huona maji matupu, mitumbwi inapita pale ambapo miezi michache nyuma watu walipita kwa miguu. Akirudi Oktoba atakuta majani makavu, nyufa za ardhi na moshi wa moto. Mgeni wa Aprili atasema hapa ni ziwa. Mgeni wa Oktoba atasema hapa ni pori. Katika safari zote mbili hatamwona mwenye shamba, naye ataondoka na imani kwamba mwenye shamba hayupo.

Lakini yupo. Mvua za kwanza zinapoanguka huhamia mbugani na jembe, mbegu na watoto. Hujenga dungu, akakaa humo kuwinga ndege na kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Baada ya kuvuna hubeba magunia akarudi nyumbani kwake kando ya barabara. Ndivyo walivyofanya Wandamba, Wambunga na Wapogoro kabla ya reli ya TAZARA kupita hapa. Shamba likiachwa baada ya mavuno halikutelekezwa. Limepumzishwa, nayo mafuriko yatakuja kulitia mbolea bila kumtoza mtu senti.

Nalisema hili nikimkumbuka shangazi yangu. Siku moja nilimsindikiza kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, kuulizia shamba aliloachiwa na mama yake. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu. Alitandaza ramani mezani, akatuonyesha picha iliyopigwa kutoka angani, akasema, "Bibi, eneo hili halina mtu. Angalia mwenyewe." Shangazi aliinama, akaangalia kwa muda, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, picha hii mliipiga mwezi gani?" Kijana hakujibu. Hakuwa na jibu kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba swali hilo lipo.

Ndugu msomaji, swali la shangazi ndilo ninalolileta mbele ya Katiba ya nchi yetu.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi, nazo zikaanza kutumika Mei 2001. Zote mbili zinasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Zikaigawa katika mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Hadi hapo hakuna ubaya. Lakini Sheria ya Ardhi, Namba 4, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Dada yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, haina maneno hayo. Sheria mbili za mwaka mmoja, za Bunge moja, zinatofautiana juu ya jambo ambalo kwetu ni chakula au njaa. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi, ambaye huteuliwa na Rais. Basi neno moja, "isiyotumiwa", linatosha kuliondoa shamba mikononi mwa kijiji na kulipeleka ofisini. Na katika bonde ambalo kila shamba huonekana halitumiki kwa nusu ya mwaka, nani atakayesalimika?

Mtu atasema, fungua Katiba, hiyo ndiyo ngao. Nimeifungua. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza kunyang'anywa mali hiyo bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Ibara ya 27 inatuagiza sote kulinda maliasili na mali ya pamoja. Ibara ya 8 inasema mamlaka yote ya Serikali yanatoka kwa wananchi. Maneno mazuri. Lakini Katiba hiyo haina sura ya ardhi. Nani mwenye ardhi, nani mdhamini, na mdhamini akikosea ashitakiwe na nani, hayo yote imeziachia sheria za kawaida, ambazo Bunge linaweza kuzibadili kwa wingi wa kawaida wa kura.

Si kwamba hatukuonywa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchini ikawasikiliza wananchi, ikapendekeza umiliki wa msingi wa ardhi utolewe mikononi mwa mamlaka ya utendaji, ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, na misingi hiyo iwekwe ndani ya Katiba. Serikali ilikataa kiini cha ushauri huo. Ilichukua matawi, ikauacha mti.

Mahakama ilijaribu kuziba pengo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiiongoza, iliamua kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe. Ilisema haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba mtu aliyetia jasho lake katika ardhi anastahili fidia hata kama hakuacha jengo wala mti. Wakulima wawili waliishinda Serikali. Lakini haki ya kwenda Mahakama ya Rufani ni ya nani, ikiwa nauli ya kwenda Morogoro tu humlazimu mtu kuuza gunia la mpunga?

Sasa tazama mambo yalivyokwenda bondeni. Mwaka 1952 wakoloni walilitangaza bonde kuwa pori tengefu. Maana yake wakati huo ilikuwa kwamba kuwinda kulihitaji kibali. Kulima na kuishi hakukukatazwa. Vijiji vikakua humo, vikapata shule na zahanati. Kisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ikakataza kulima na kulisha mifugo katika mapori tengefu. Mtu alilala mkulima akaamka mhalifu, na hakusogea hata hatua moja. Sheria hiyo hiyo ilimwagiza waziri ahakikishe ardhi ya vijiji haimo ndani ya mapori hayo. Agizo kwa raia lilitekelezwa kwa askari. Agizo kwa waziri lilisubiri vikao. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na mwaka 2023 likatangazwa Pori la Akiba la Kilombero.

Upande wa pili tazama Mngeta. Miaka ya 1980 lilianzishwa huko shamba kubwa la mpunga kwa ubia wa Serikali na Wakorea wa Kaskazini. Wakorea wakaondoka, shamba likakaa miaka mingi, wananchi wakaingia kulima. Mwaka 2008 shamba hilo, hekta zaidi ya 5,000, likapewa ubia mpya na mwekezaji kutoka Uingereza, na waliokuwa wakilima wakaondolewa kwa malipo ambayo wengi waliyalalamikia. Mwaka 2019 kampuni hiyo nayo ikaanguka kwa madeni. Katika miaka yote ya ukimya baina ya Wakorea na Waingereza, hakuna aliyesema hati ya shamba lile imekufa kwa sababu ardhi haitumiki. Kumbe neno "isiyotumiwa" huwajua watu! Humshika anayepumzisha ekari tatu na kumpita aliyeacha maelfu.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni maji. Mto Kilombero huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na bwawa la Julius Nyerere huyategemea. Bonde hili ni ardhi oevu ya Ramsar tangu mwaka 2002, na sheshe, yule swala wetu, wamepungua mno. Yote ni kweli. Mimi sitaki mbuga ilimwe hadi mtoni, wala ng'ombe wajazwe hadi maji yakauke. Lakini umeme ukiwa wa taifa zima, kwa nini gharama yake iwe ya mwanamke mmoja wa Ifakara? Kama ardhi yake inahitajika kwa faida ya wote, basi wote wamlipe, tena kabla hajaondoka.

La pili ni chungu zaidi, nalo ni kwamba tumeuza wenyewe. Ni kweli. Wapo wenyeviti wa vijiji waliogawa mbuga kwa wageni wenye makundi ya ng'ombe, wakapokea fedha gizani, kisha mchana wakasimama kuwalaani Wasukuma na Wamang'ati kuwa wavamizi. Aliyelipa hakuvamia, aliuziwa. Lakini hoja hiyo haiwatetei watumishi wa umma, inawatia hatiani zaidi. Katibu wa halmashauri ya kijiji ni afisa mtendaji, mwajiriwa anayelipwa mshahara wa umma. Mihutasari ya vikao iko mkononi mwake. Ardhi haiuzwi kijijini bila kalamu yake, au bila usingizi wake.

Hapo ndipo ardhi na utumishi wa umma vinapokuwa jambo moja. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, kuwa na hisa na kupokea mishahara miwili. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Tunayo ibara ya 132 na Sheria ya Maadili ya 1995, na kiongozi hutamka mali zake kwa Sekretarieti. Lakini tamko hilo halisomwi chini ya mwembe, mbele ya watu wanaojua mpaka wa kila shamba.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, nayo yaandikwe katika Katiba ili yasifutwe kwa wingi wa siku moja. Kwanza, ardhi ya kijiji isigeuzwe kuwa ya jumla wala ya hifadhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, na pale taifa linapoihitaji kwa lazima, fidia itangulie. Pili, mtumishi yeyote anayegawa, anayepima au anayeshauri juu ya ardhi asipate ardhi katika eneo analolitumikia, na alichonacho kitangazwe hapo hapo. Tatu, neno "isiyotumiwa" lifutwe.

Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilikuwa na sura juu ya ardhi, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa. Kenya waliandika sura nzima mwaka 2010, na bado wanagombana. Sidai kwamba maandishi huleta malaika. Nadai kwamba yanampa shangazi ukurasa wa kuweka kidole anapobishana.

Hati za kimila zimegawiwa kwa wingi katika wilaya zetu za Kilombero, Ulanga na Malinyi, na shangazi anayo ya kiwanja cha nyumba yake. Ya shamba la mbugani hana. Desemba hii ataingia tena na jembe, kama mama yake. Anayetaka kumwambia kwamba ardhi ile haina mtu, aje mwezi huo. Atamkuta.