Maabara ya shule ianze na maji

Hivi karibuni nilimpokea mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyerukiwa na kostiki soda jichoni akiwa kwenye kemia kwa vitendo. Maabara yao ni mpya, ina meza zenye vigae na masinki mazuri, lakini mabomba hayatoi maji. Walimwosha kwa kikombe cha maji ya kunywa, kisha wakatafuta bodaboda. Alipofika kwangu ilikuwa imepita zaidi ya saa moja, na kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimeanza kufanya ukungu. Bado tunasubiri kujua ataona kiasi gani.

Wazazi wengi tunaogopa asidi, lakini kostiki soda huweza kuwa mbaya zaidi kwa jicho, kwa sababu hupenya ndani na kuendelea kuunguza. Tiba ya kwanza haiko hospitali. Ni maji safi yanayotiririka, papo hapo, kwa dakika 20 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa. Usitie maziwa, siki wala dawa yoyote. Baada ya hapo, mtoto apelekwe hospitali haraka.

Mwaka 2014 wananchi tulichangishwa ili kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Kuchanga lilikuwa jambo jema. Kosa letu ni kuhesabu majengo na kusahau kuuliza maji yatatoka wapi. Kwa maoni yangu, chumba chenye kemikali na kisicho na maji kisiitwe maabara.

Najua mwalimu mkuu atasema fedha ni kidogo, na mtihani wa vitendo unadai kemikali. Ni kweli. Lakini tangi lililoinuliwa juu ya msingi, likikinga maji ya mvua na kujazwa wakati wa kiangazi, linatosha kuanzia. Hadubini mpya inaweza kusubiri muhula mmoja, jicho haliwezi.

Baada ya maji, ziwepo miwani ya kukinga macho na mipira ya kufyonzea kwenye pipeti, maana hadi leo wapo watoto wanaovuta kemikali kwa mdomo. Iwepo milango miwili inayofunguka kwa nje, isifungwe kwa kufuli wakati wa somo. Mitungi ya gesi ikae nje ya chumba.

Sisemi maabara zifungwe. Mimi mwenyewe nilianza kuupenda udaktari nikiwa kwenye chumba kama hicho, na nataka mabinti zetu waingie kwa wingi.

Mzazi, kwenye kikao kijacho cha shule usiishie kuuliza matokeo ya mtihani. Omba mpelekwe maabara, kisha ufungue bomba mwenyewe. Lisipotoa maji, hiyo ndiyo iwe ajenda ya kwanza ya kikao.