Waziri Mkuu wa Siku 33

Tarehe 12 Januari ni sikukuu ya Mapinduzi, Unguja na Pemba. Tarehe 10 Disemba hupita kama siku nyengine, ingawa siku hiyo mwaka 1963 Zanzibar ilipata uhuru wake kwa Muingereza, na Waziri Mkuu alikuwa Mpemba: Mohamed Shamte Hamadi, mwalimu aliyeingia siasa. Baada ya uhuru alidumu siku 33, Mapinduzi yakamwondoa. Je, anastahili nafasi katika vitabu vya skuli zetu? Anastahili, lakini si kwa sababu wanazozitoa wapenzi wake.

Wapenzi wake humwona mzalendo aliyepokonywa. Wapinzani humwita kibaraka wa Sultani. Wote huiruka hesabu. Shamte alikuwa katika chama cha Afro-Shirazi (ASP) mpaka mwaka 1959, alipotoka na wenzake kuunda ZPPP, chama kidogo chenye nguvu zake huku Pemba. Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP ilipata viti 10, chama cha ZNP 9, ZPPP 3. Watatu hao wakagawanyika: Shamte na mwenzake wakaegemea ZNP, wa tatu akenda ASP. Ikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ulirudiwa Juni, watu 68 wakauawa katika machafuko, na mwalimu wetu akawa kiongozi wa serikali.

Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP wakachukua 18. Kwa sheria, Shamte alishinda. Lakini chama chake hakikufika hata asilimia 16 ya kura, naye akatawala kana kwamba nchi nzima ilikuwa nyuma yake. Serikali yake ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, ikawaachisha kazi askari polisi wenye asili ya bara. Baadhi yao walirudi na Mapinduzi. (Hili halihalalishi damu ya Januari 1964, nalisema mapema kabla sijasutwa barazani.)

Mshindi kugawana serikali na mshindwa kulikuja baadaye sana: kura ya maoni ya Julai 2010 ndiyo iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif wa Mtambwe, kiongozi wa upinzani, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kanuni hiyo ya kugawana madaraka haikuwepo mwaka 1963, na Shamte hakuitafuta.

Basi Wizara ya Elimu impe kurasa zake, na matokeo ya 1963 yachapwe kamili, kura na viti, watoto wajihesabie wenyewe.