Mfiwa Asiye na Matanga

Wazee wetu walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Je, mfiwa asipoweza kuanza, sisi wa mbali tufanyeje?

Swali hili lilinijia Mkomani, upande wa Kisauni, nilipokwenda kumjulia hali bibi mmoja ambaye mumewe alitoka kwenda kuvua asirudi. Mwaka wa pili ulikuwa umeshapita. Maiti haikuonekana, matanga hayakuwekwa, hitima haikusomwa. Akaniambia, "Mwanangu, watu wakikutana nami njiani hawajui wanipe pole au waniulize habari za mzee."

Maneno hayo yalinikumbusha kazi za Kathy Charmaz (1939-2020), mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, aliyetoa kitabu juu ya kifo mwaka 1980. Alifuata fikira za George Herbert Mead na Herbert Blumer. Kwa wenye fikira hizo, mtu hajijui peke yake. Hujijua kwa ishara anazopokezana na wenziwe: jina aitwalo, nguo avaayo, salamu apewayo. Kwa hivyo afiwaye hupotewa na mpenzi wake, na pia na sehemu ya nafsi yake.

Sisi watu wa pwani twalijua jambo hilo kwa vitendo. Mume akifa, mke hukaa eda miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 234. Huitwa kizuka, huacha manukato na mapambo, na wanawake wenziwe humjia. Siku zikitimia hutoka eda, na mtaa mzima hujua kuwa sasa ni mjane na aweza kuposwa.

Bibi wa Mkomani hana hata hatua moja katika hizo. Ndivyo walivyo pia wake wa vijana waliotoweka Mombasa katika miaka ya 2010, ambao mashirika ya MUHURI na Haki Africa yaliwapigania.

Sheria haikuwasahau. Mume wa namna hii fiqhi humwita mafqud. Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa hukumu ya Sayyidna Umar, kwamba mke angoje miaka minne, kisha akae eda. Katika madhehebu yetu ya Shafi kuna kauli mbili, na moja yamtaka angoje mpaka kifo kiyakinike. Nayo Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, humdhania amekufa mtu asiyesikika kwa miaka saba. Mwenye kuyapambanua hayo ni kadhi.

Lakini kadhi hatamfuata nyumbani. Ni sisi majirani tutakaomshika mkono tumpeleke. Mimi mwenyewe nalikaa mbali naye kwa kukosa neno la kusema, naye akadhani ametupwa. Tumwendeeni. Dua ya kumwombea aliyepotea baharini haingoji maiti, na mkewe hahitaji kuwa kizuka ndipo apewe pole.