Shabiki akitua Mwanza, wenyeji nao wapate chao

MSAFARA wa mashabiki wa Simba au Yanga kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza una ratiba inayojulikana. Basi linakata zaidi ya kilomita 1,000, vuvuzela zinaanza kulia Misungwi, zinazidi Buhongwa, na likifika Nyegezi mji mzima unajua wageni wametua. Dakika 90 zinapigwa CCM Kirumba. Pointi tatu zinabebwa au zinaachwa, halafu basi linageuza.

Swali ambalo halijibiwi kwenye mijadala ya Jumatatu ni hili: Mwanza imebaki na nini?

Kila shilingi ya msafara ina njia yake. Nauli inalipwa Dar. Jezi na skafu zimenunuliwa Kariakoo. Maji na soda zimepakiwa kwenye buti tangu Ubungo. Wengine wanabeba hadi chakula. Mama lishe wa Kirumba, aliyewahi kuamka saa kumi alfajiri kuwasha moto kwa sababu Wananchi wanakuja, anauza sahani chache na kuachiwa chupa tupu za kufagia. Shabiki huyu ni mtalii, hata kama mwenyewe hajijui. Amelala nje ya kwake, ametumia hela, ameingia kwenye mji wa watu. Kasoro ni kwamba anatalii kizembe.

Mashabiki waliofuatilia Taifa Stars kwenye AFCON ya Moroko wana somo moja la kurudi nalo, ukiacha ile raha ya kuvuka makundi kwa mara ya kwanza na yale maumivu ya kutolewa na wenyeji kwa bao 1-0 pale Rabat. Moroko haiishii kwenye viwanja. Ukitoka Marrakech, moja ya miji iliyopokea mechi, ndani ya saa mbili hivi za gari unafika Imlil, kijiji kilicho chini ya Mlima Toubkal wenye mita 4,167, mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini. Huko juu wanaishi Waamazigh, ambao dunia imezoea kuwaita Waberberi. Lugha yao ilitambuliwa na katiba ya Moroko kuwa lugha rasmi mwaka 2011.

Wageni wanakwenda kule kutembea kwa miguu siku tatu, nne, hata wiki. Safari ikipangwa vizuri, anayeongoza njia ni kijana wa kijiji. Mzigo unabebwa na baghala, chotara wa punda na farasi, na mwenye baghala analipwa. Mgeni analala kwenye nyumba ya wageni ya familia ya pale pale, anakula mkate uliookwa pale pale, na chai ya mnanaa anayokunywa imechemshwa na mwenye nyumba. Anavaa kwa heshima na anaomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Tangu mwishoni mwa 2018, baada ya wasichana wawili wa Skandinavia kuuawa eneo lile, hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda Toubkal bila muongozaji mwenye kibali. Sheria ililetwa kwa ajili ya usalama, lakini imewapa vijana wa milimani kazi.

Septemba 8, 2023 tetemeko la ardhi lilipiga milima hiyo na kuua karibu watu 3,000. Wachezaji wa timu ya taifa ya Moroko walipanga foleni kuchangia damu. Baada ya hapo, wenyeji wa vijiji vile hawakuhitaji huruma peke yake. Walihitaji wageni warudi, kwa sababu mgeni anayelala kijijini na kulipa kijijini anasaidia kusimamisha ukuta ulioanguka.

Hata kule si peponi. Safari nyingi zinauzwa na kampuni za mjini, na mpunga mkubwa unaweza kuishia ofisini kabla haujapanda mlima. Ndiyo maana mgeni makini anauliza kabla ya kulipa: muongozaji anatoka wapi? Mwenye baghala anapata ngapi? Hapa nyumbani swali hilo si geni. Kwenye Mlima Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na unapimwa kwenye mizani, kwa sababu watu walikaa wakaamua kwamba raha ya mgeni isivunje mgongo wa mwenyeji.

Sasa rudi Mwanza. Wanaosema Jiji la Mawe halina cha kumwonyesha shabiki zaidi ya Kirumba na samaki hawajalitembea.

Chukua Kisesa, njia ya kwenda Musoma, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Hapo ndipo ilipo Bujora, Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kuna ngoma za watemi, na kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Shabiki wa mpira anapaswa kufika kwa sababu moja zaidi: Wasukuma walikuwa na derby kabla Simba na Yanga hazijazaliwa. Bagika na Bagalu ni makundi mawili ya ngoma ambayo asili yake inatajwa kuwa waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Nyomi ndiyo bao! Na dawa za kuvuta nyomi zilikuwa sehemu ya mchezo, jambo ambalo wajuzi wa mambo ya Kariakoo hawatalishangaa. Kila Juni, kwenye sikukuu ya Bulabo, mashindano hayo huchezwa hapo Bujora.

Chukua Saanane, kisiwa kilicho dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akikimiliki. Kila anayelipa kiingilio pale anakanyaga shamba la mtu wa Mwanza. Inafaa akumbuke.

Mechi ikichezwa Jumamosi saa kumi jioni, Jumapili asubuhi yote iko wazi. Shabiki anayelala usiku mmoja zaidi kwenye gesti ya Kirumba au Nyamanoro, akapanda bodaboda ya kijana wa pale, akala kwa mama lishe, akanunua dagaa Mwaloni za kupeleka nyumbani, ameacha hela kwenye mikono minne ya wenyeji kwa siku moja. Wakiwa basi zima, mtaa unasikia.

Lakini kuacha hela peke yake hakutoshi. Mgeni mwenye pesa na asiye na adabu bado ni mzigo.

La kwanza ni ziwa. Victoria si bwawa la kuogelea la hoteli. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka jirani na Ukara, na zaidi ya watu 200 hawakurudi nyumbani. Familia za kanda hii bado zina makaburi ya ajali hizo. Shabiki mwenye mzuka wa ushindi anayejazana kwenye mtumbwi bila jaketi la kuokolea maisha, huku akimshurutisha nahodha aondoke, anacheza juu ya msiba wa watu. Nahodha akisema boti imejaa, imejaa. Upepo ukibadilika, safari imeisha. Na kuoga ufukweni ovyo kunaleta kichocho, ambacho hakijui nani Simba nani Yanga.

La pili ni samaki. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Mgeni anayeomba "vidogo vya bei poa" anampa mvuvi haramu soko, na anamnyang'anya mvuvi halali samaki wa mwakani. Kama sahani imekuja na kisato cha kiganja, kirudishwe jikoni kwa upole.

La tatu ni mdomo. Utani wa jadi ni chumvi ya soka la Tanzania na hakuna anayetaka uondoke. Ila kuna mashabiki wanaofika Mwanza na kuanza kuigiza lafudhi ya Kisukuma kwa kebehi, kuwaita wenyeji washamba, na kupiga picha za watoto wa mwaloni kama vile ni wanyama wa Serengeti. Huo utani umevuka mstari wa goli. Neno "mwangaluka" asubuhi na "wabeja" baada ya kuhudumiwa havina kiingilio, na vinafungua milango ambayo noti haifungui. Halafu ajue pia kwamba si kila mtu wa kanda hii ni Msukuma. Ukerewe kuna Wakerewe, Ukara kuna Wakara, Musoma kuna Wajita, na Bukoba ni kwa Wahaya. Kuuliza si ujinga.

Watakuwepo wa kusema shabiki wa kawaida hana hela ya kutalii, amejinyima mwezi mzima kupata nauli. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana hapa hakuna anayemwambia akalale hoteli ya nyota tano. Utalii wa namna hii ni wa bei ya chini kuliko ule wa mabango. Sahani ya ugali na sato haihitaji mkopo. Chupa ya maji aliyoinunua Dar angeweza kuinunua Mwanza. Ni hela ile ile, tofauti ni inapoishia.

Mzigo mkubwa zaidi uko kwa wanaopanga misafara. Matawi ya Simba na Yanga yana viongozi, yana makundi ya WhatsApp na yana uwezo wa kujadiliana bei. Badala ya kumalizana na mwenye basi tu, wazungumze na mama lishe wa Kirumba wajue watu wangapi wanakuja, wawatafute vijana wa Mwanza wanaojua njia za Bujora na Saanane, na wapange usafi wa jukwaa kabla ya kuondoka. Pamba Jiji, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024 na kurudisha raha ya mechi kubwa jijini, nayo isibaki kuhesabu viingilio. Mwenye nyumba ndiye anayemwelekeza mgeni. Jiji nalo lina kazi yake: choo safi, ndoo za taka, na eneo la mama lishe ambalo mgambo hawatalivamia siku ya mechi.

Haraka yote hii ina sababu. Septemba 27, 2023 CAF ilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON 2027. Nchi hizo tatu ndizo zinazogawana Ziwa Victoria. Hata mechi isipochezwa Kirumba, shabiki wa Senegal au Algeria anayetoka kundi la nchi moja kwenda nchi nyingine atakuwa anazunguka ziwa hili. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu na lililofunguliwa Juni 2025, limefuta foleni ya kivuko upande wa Sengerema. Njia ipo. Atapita tu, au atasimama?

Jibu halitatoka CAF. Litatoka kwa jinsi Mwanza inavyozoea kupokea wageni wake wa ndani msimu huu, na jinsi wageni hao wanavyozoea kuja. Mwenyeji aliyeshiba kwa mgeni wa Jangwani na Msimbazi atajua kumpokea wa Dakar. Aliyeachiwa chupa tupu na matusi atafunga mlango mapema.

Ligi ina mechi za kutosha kufanya mazoezi. Tawi litakalopanga safari ijayo lianze na simu moja kwa mama lishe wa Kirumba.