Picha ni ya aliyeipiga, uso ni wa mwenyewe

Hivi karibuni tuliozesha binti wa mdogo wangu hapa Kigali. Sherehe ilifana, wageni wakatoka Kampala, Bukoba na Goma. Siku ya nne ugomvi ukazuka. Mpiga picha alikuwa amelipwa nusu ya faranga walizokubaliana kwa simu. Familia ikasema atoe picha ndipo amaliziwe. Yeye akasema amaliziwe ndipo atoe. Wakiwa katika mabishano hayo, picha ya bibi harusi ikaonekana kwenye bango la duka linalokodisha magauni.

Nikaitwa kusuluhisha. Kijana akasema, "Mzee, picha niliipiga mimi, kwa kamera yangu. Nilimpa mwenye duka ili aniletee wateja." Binti naye akauliza, "Baba mkubwa, na uso je, si wangu?" Nikaomba nione karatasi ya makubaliano. Hakuna aliyekuwa nayo.

Nasema wazi kwamba wote wawili walikuwa na haki. Picha moja hubeba haki mbili, ya aliyeipiga na ya aliyepigwa, na kukosa maandishi ndiko kunakozigonganisha.

Si kwamba sheria imekaa kimya. Rwanda imo katika Mkataba wa Berne tangu 1984, na kwa mkataba huo kazi ya mtunzi, picha ikiwamo, hulindwa tangu inapofanywa, hata kama haikusajiliwa popote. Tulikuwa na sheria ya miliki bunifu ya 2009, na mwaka 2024 ikatungwa mpya kuchukua nafasi yake. Kwa upande wa aliyepigwa, ipo sheria ya Oktoba 2021 ya kulinda taarifa binafsi na faragha. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, na anayeitumia lazima awe na ridhaa yake au sababu nyingine inayokubaliwa na sheria. Muda wa kujiandaa kuifuata ulikwisha Oktoba 2023. Mpiga picha mwenye maelfu ya sura za wateja katika kompyuta yake asidhani sheria hiyo ni ya mabenki tu.

Ndugu zangu mnaovuka Gatuna, Rusumo na Rubavu na bidhaa, jambo hili ni lenu pia. Anayechukua picha kwenye intaneti na kuichapa kwenye mfuko wa unga au tangazo la duka amechukua mali ya mtu. Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne 1993, Tanzania 1994 na Uganda 2022. Kwa hiyo picha iliyopigwa Kigali ina mwenyewe hata ikionekana Mwanza. Na uso pia una gharama. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja.

Tena sheria za majirani hazifanani kwa kila jambo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamepatana vinginevyo. Kijana wa Nyamirambo anayepigia picha kampuni ya Nairobi bila mkataba anaweza kujikuta hana chake.

Biashara yenyewe nayo ni ngumu. Ofisi inayoagiza kazi hutaka ankara ya EBM, mfumo ulioanza 2013, na kijana asiyejisajili kwenye kodi huikosa kazi hiyo. Akialikwa harusi ng'ambo ya mpaka, ile nafuu ya cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa shehena isiyozidi dola 2,000, haimfai, kwani ni ya bidhaa zinazotoka nchi za Jumuiya, na kamera yake imetengenezwa Japani. Kisha simu zimejaa kila mkono, na kila mgeni harusini anajiona mpiga picha. Mtu huyu tukimnyima nusu ya malipo yake, tunamfukuza kazini.

Nasi tuliorudi nchini tunajua maana ya kazi hiyo. Wengi tumerudi bila hata picha moja ya babu zetu. Katika Kituo cha Kumbukumbu cha Gisozi, kilichofunguliwa 2004, kuna chumba chenye picha za waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, zilizotolewa na familia zao. Kwa baadhi ya familia, picha ya aina hiyo ndiyo sura pekee ya mpendwa wao iliyosalia. Mpiga picha akifunga kazi kwa njaa na kuuza kompyuta yake, ni sura za nani zinapotea?

Rai yangu ni nyepesi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, basi tuandikiane kwa lugha tunayoielewa. Karatasi moja yatosha: bei na siku ya kumalizia malipo, idadi ya picha na siku ya kuzitoa, mpiga picha atazihifadhi miaka mingapi, nani ataruhusiwa kuzitumia, wapi na kwa malipo gani, na saini ya mwenye uso. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, inayosajili miliki bunifu, ingetusaidia sana kwa kusambaza mfano wa mkataba kama huo hadi ofisi za sekta, kwa Kinyarwanda na Kiswahili.

Kwetu yaliisha salama. Bango lilishushwa, nusu iliyobaki ikalipwa, na picha zikatolewa. Wiki iliyofuata mwenye duka alirudi kwa binti yetu, safari hii akiwa na karatasi na kalamu, akaomba ruhusa na kutaja malipo kwa wote wawili. Binti alikataa. Mwenye duka alikunja karatasi yake akaaga, na hapakuwa na ugomvi.