Kufuta Si Ufundi

Liko neno moja ambalo siku hizi limegeuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta: "fomati." Mashine ikichelewa kuwaka, fomati. Mashine ikikwama kidogo, fomati. Na mtu akitaka tu kuhamishia seva yake ya nyumbani kwenye mashine mpya, ataambiwa diski ifutwe, mfumo usimikwe upya, na yeye aanze sifuri. Neno hilo ninalipinga, ndugu msomaji, na nitasema kwa nini.

Seva ya nyumbani si kitu cha kutisha. Ni kompyuta ya kawaida inayokaa pembeni usiku na mchana, ikiwatunzia watu wa nyumba vitu vyao na kuwapa kila wanapovihitaji. Ile ya kwangu hapa Nassa, mkoani Simiyu, imebeba nyimbo za kwaya, hesabu za pamba za miaka kadhaa, picha za harusi na misiba, na sauti za wazee wakisimulia kwa Kisukuma mambo ambayo hayakuandikwa popote. Wengi wa wazee hao wamekwisha kufariki. Mashine nyingine hupatikana Mwanza kwa fedha. Sauti zile hazipatikani kwa fedha yoyote.

Radi ilipounguza mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaounganisha viungo vyote, diski ilibaki nzima. Fundi mmoja wa mjini akanihakikishia kwamba mfumo wa zamani hauwezi kuishi ndani ya mashine ngeni. La hasha! Mfumo wenyewe ni Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini chake huja na programu za kuendesha vifaa vya aina nyingi mno, na kila kinapoamka hukagua upya ni vifaa gani vimo. Diski ile iliwekwa katika kompyuta nyingine iliyokwisha kutumika, ikawaka, na kila faili likakutwa mahali pake.

Uhamisho huo una masharti yake. Kwanza ni nakala: itolewe kwenye diski ya pembeni, kisha ifunguliwe na kuonekana kuwa nzima, kwani nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Pili, prosesa ziwe za ukoo mmoja: mfumo uliosimikwa kwa prosesa za Intel au AMD hauwaki kwenye Raspberry Pi. Tatu, njia ya kuwaka ilingane, iwe BIOS ya zamani au UEFI. Nne, diski zitambulishwe kwa namba zao za kudumu, UUID, si kwa mpangilio wa zilivyochomekwa. Tano, kadi ya mtandao huweza kupata jina jipya, hivyo seva ikawaka vizuri lakini isionekane na kompyuta nyingine. Hapo ndipo fundi mvivu hutangaza kifo. Kumbe mgonjwa yu hai, anaitwa tu kwa jina lisilo lake! Rekebisha jina hilo, naye ataitika.

Najua tabia hii ilikotoka. Mafundi wengi walijifunzia kazi kwenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Hiyo ilipobadilishiwa mazabodi, mara nyingi iligoma kuwaka, au ilidai kuidhinishwa upya. Kusimika upya kulikuwa na sababu. Lakini desturi ya nyumba moja haiwi sheria ya kijiji kizima. Wapo watakaosema kwamba kufuta huondoa takataka. Ni kweli, na mfumo ulioingiliwa na wadukuzi ufutwe bila huruma. Lakini huo uwe uamuzi wa mwenye mali baada ya uchunguzi, usiwe pazia la kuficha kutojua.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo tumeangukia upande wa pili: tunaitukuza mashine na kudharau kilichomo. Anayeondoa nyasi ili aezeke bati hawafukuzi watu wa nyumba.

Basi fundi akikwambia "fomati," muulize: Umekagua nini? Umeona kosa gani? Nakala iko wapi? Akikosa jibu, chukua diski yako uondoke nayo.